Ukiiuliza Mashine, Taja Mahali

Fungua terminali kwenye kompyuta ya Linux, andika `getconf ARG_MAX`, bonyeza Enter. Mara nyingi utajibiwa 2097152. Hakuna maelezo, hakuna kizio, hakuna salamu; namba tupu kwenye mstari wake, kisha mashine inakusubiri. Ni baiti hizo, megabaiti 2 kamili. Ndiyo nafasi ambayo keneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inaitengea programu inayoanza ili ibebe maneno yote iliyoandikiwa kwenye amri, pamoja na vigezo vya mazingira inavyovirithi.

Wengi hukutana na namba hii wakiwa wameshakasirika. Folda ina picha laki tatu za kamera ya ulinzi, diski imejaa, mtu anataka kuzifuta, anaandika `rm *.jpg` na anaambiwa "Argument list too long". Anailaumu rm. Masikini rm haijaanza hata kazi. Sheli, programu inayopokea amri zako, ndiyo iliyoikunjua ile nyota ikawa majina laki tatu, ikayakabidhi kwa keneli ili rm ianzishwe nayo, na keneli ikaupima mzigo na kuurudisha. Ukitaka ushahidi, kaa kwenye folda hiyo hiyo uandike `echo *.jpg`. Majina yote yatamwagika kwenye skrini bila kikwazo, kwa kuwa echo imo ndani ya sheli yenyewe. Hakuna programu mpya inayoanzishwa, kwa hiyo hakuna wa kupima chochote.

Kinachonivutia kiko hatua moja mbele ya hapo. Andika `ulimit -s`. Kwa kawaida utaona 8192, ambao ni ukubwa wa eneo la kumbukumbu liitwalo staki, kwa kilobaiti. Sasa andika `ulimit -s 16384`, kisha rudia swali la kwanza. Jibu ni 4194304. Namba imeongezeka maradufu na hujagusa faili lolote la mipangilio, hujazima mashine, hujaomba ruhusa kwa msimamizi. Fungua terminali nyingine pembeni, uliza vile vile: 2097152. Kompyuta ni moja, dakika ni ile ile, majibu ni mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Hadi 2007 Linux ilikuwa na ukomo uliochongwa ndani ya keneli: kurasa 32 za kumbukumbu, kila ukurasa baiti 4096, jumla 131072. Toleo la 2.6.23 likaweka kanuni mahali pa namba. Kanuni yenyewe ni robo ya staki ambayo mchakato umeruhusiwa. Tangu hapo ARG_MAX si mali ya kompyuta tena, ni mali ya sheli uliyokaa ndani yake pamoja na watoto wake. Na getconf, kwa kuwa nayo ni programu iliyozaliwa na sheli hiyo, imeurithi ukomo huo. Inapokujibu inajieleza yenyewe.

Kuuliza thamani za mfumo huonekana kazi ya karani: unataja jina la kigezo, unanakili namba, unaendelea na shughuli zako. Mimi naiona kazi ya jicho kali. Karibu kila namba ndani ya kompyuta ina mwenyewe na ina mahali pake, na anayeuliza bila kujua namba ni ya nani hupata jibu sahihi la swali ambalo hakulikusudia. Waliotengeneza zana hizi walilijua hilo mapema, na ukizitazama kwa utulivu utaona walivyoliweka ndani ya kila kipengele.

Mtazame xargs, kwa mfano, ambaye ndiye dawa ya yule mwenye picha laki tatu. Mwenye picha anaandika `printf '%s\0' *.jpg | xargs -0 rm` na kazi inakwisha. printf nayo imo ndani ya sheli, kwa hiyo haipimwi. Xargs anayapokea majina, anayagawa mafungu, na kuiita rm mara nyingi kadiri inavyohitajika. Anajuaje fungu liwe kubwa kiasi gani? Anauliza, swali lile lile la getconf, ila kwa ndani. Ukimwandikia `xargs --show-limits` atakuonyesha hesabu zake: mazingira yako yamekula baiti ngapi, mfumo unaruhusu ngapi, na yeye ameamua kutumia ngapi. Yule wa GNU huamua kutumia 131072 tu, ile namba ya zamani, hata pale anaporuhusiwa mara kumi na sita yake. Na kuna baiti 2048 ambazo kiwango sanifu kinamtaka aziache bila kuzigusa, ili programu atakayoiita iwe na nafasi ya kuongeza kitu kwenye mazingira yake na kuanzisha programu nyingine bila kugonga ukomo. Kuna mtu aliketi akamfikiria mjukuu wa mchakato ambaye hajazaliwa. Sijui kama kuna aliyewahi kumshukuru.

Asili ya haya yote ni ugomvi wa miaka ya 1980. Unix ilikuwa imeshatawanyika: ya AT&T huku, ya Berkeley kule, na kila mwuza mashine na yake. Kila moja ilikuwa na ukomo wake wa urefu wa jina la faili, wa idadi ya mafaili yanayofunguliwa kwa pamoja, wa ukubwa wa amri. Kamati ya IEEE iliyoandika kiwango cha 1003.1, kilichotoka 1988 na kupewa jina la POSIX kwa pendekezo la Richard Stallman, isingeweza kuwalazimisha wote wakubaliane namba moja. Ikatafuta njia ya kuishi na tofauti. Kwanza ikaweka sakafu: kila mfumo unaodai kufuata kiwango lazima utoe angalau kiasi fulani, na kwa maneno ya amri sakafu hiyo ni baiti 4096. Kisha ikaruhusu kila mfumo uandike ukomo wake ndani ya faili linalosomwa programu inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kama ukomo huo haubadiliki. Na kwa ule unaobadilika, ikaweka maswali ya kuulizwa programu ikiwa tayari inaendeshwa: sysconf kwa mambo ya mfumo mzima, pathconf kwa mambo ya mahali fulani kwenye diski.

Hilo la mwisho ndilo lililobeba hekima. Programu hutengenezwa mahali pamoja na kuendeshwa pengine kabisa. Aliyeitengeneza hawezi kujua itatua kwenye mashine ya aina gani, na namba aliyoiona kwake haina haki ya kusafiri nayo. Mwaka 1992 kiwango cha pili, 1003.2, kikaleta getconf, na kwa hiyo anayeandika skripti ya mistari mitano akaweza kuuliza kile ambacho hapo awali kilihitaji kuandika programu ya C.

Sasa jaribu `getconf NAME_MAX`, yaani urefu wa juu wa jina la faili. Kwenye Linux nyingi hutapata namba. Utarudishiwa mstari wa maelezo ya matumizi, kukukumbusha kwamba umesahau kitu. Umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Urefu wa jina hautegemei kompyuta, unategemea mfumo wa mafaili, na kompyuta moja huwa nayo kadhaa kwa wakati mmoja. Taja mahali: `getconf NAME_MAX /`. Kama diski ni ya ext4, jibu ni 255.

Hizo 255 ni baiti, wala si herufi. Kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi tofauti haionekani, kwa kuwa herufi moja ni baiti moja. Lakini mtunza hati anayehifadhi picha za miswada ya tenzi za Lamu au Pate na kutaka kuyapa mafaili majina kwa hati ile ile ya Kiarabu iliyoandikiwa atagundua kwamba kila herufi inakula baiti mbili, na jina lake linaishia kwenye herufi ya 127. Vijikatuni vya nyuso vinavyopendwa na vijana mara nyingi hula baiti nne nne kila kimoja.

Endelea kuuliza mahali pengine. Kwenye folda ya nyumbani iliyofichwa kwa eCryptfs, utaratibu uliotumiwa sana na Ubuntu wa miaka iliyopita, jibu hushuka hadi 143, kwa sababu jina likishasimbwa hurefuka na lazima liingie ndani ya zile 255 za chini yake. Chomeka flashi ya FAT, ielekeze getconf huko, na unaweza kupata 1530. Namba hii huwashangaza watu. Inakuwaje flashi ya bei ya chini iwe na majina marefu kuliko diski ya seva? FAT yenyewe huhesabu herufi, nazo ni 255. Keneli ikitakiwa kujibu kwa baiti inachukua hali mbaya kuliko zote, baiti sita kwa kila herufi, inazidisha na kukupa dari ambayo kwa kawaida hutaifikia. Ni jibu la mtu mwangalifu: anayekuuliza atengeneze chombo cha ukubwa gani umpe kile kisichoweza kufurika.

Lakini lililonifanya niiheshimu kazi ya watu hawa ni LINK_MAX, idadi ya majina ambayo faili moja linaweza kupewa. Kwenye ext4 ni 65000. Kwenye ndugu zake wakubwa, ext2 na ext3, ni 32000. Maktaba ya glibc ikiulizwa swali hili huitazama alama ya utambulisho ambayo kila mfumo wa mafaili hubeba, kisha hutafuta kwenye jedwali lake. Tatizo ni kwamba ndugu hawa watatu wanabeba alama moja, 0xEF53. Kwa alama pekee huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo ndani ya glibc kuna kipande cha msimbo ambacho kazi yake ni hiyo tu: kinachukua namba ya diski, kinakwenda kusoma orodha ya diski zilizopachikwa kwenye mfumo, kinatafuta mstari unaohusika, na kuangalia kama hapo pameandikwa ext4. Watu wangapi duniani huuliza LINK_MAX kwa mwaka? Wachache mno. Bado mtu aliona haifai kujibu 32000 pale ambapo ukweli ni 65000.

Kuna pia jibu ambalo halina namba kabisa. Kwenye Linux ya glibc andika `getconf SYMLOOP_MAX`, ukiulizia ni viungo vingapi vya alama vinaweza kufuatana kabla mfumo haujakata tamaa. Utajibiwa "undefined". Mgeni husoma neno hilo kama kosa, lakini si kosa. Ukiuliza jina ambalo halipo, tuseme umekosea herufi, getconf inalalamika wazi kwamba haijui kigezo hicho na inarudisha ishara ya kushindwa. Hii ya sasa inarudisha ishara ya mafanikio. Maana yake ni kwamba swali lako ni halali, jina nalijua, ila mfumo huu haujaahidi namba yoyote. Keneli ya Linux kwa vitendo hukataa ikivuka viungo 40, lakini glibc haitaki kuifanya namba hiyo kuwa ahadi. Nimezoea kufanya kazi na mifumo ambayo ikikosa jibu hutoa sifuri, au −1, au hunyamaza, na kila mmoja anaachiwa kukisia maana. Hapa kuna majibu matatu yaliyotenganishwa vizuri: namba hii hapa, sijaahidi, na sikuelewi.

Uzuri huo una mtego wake kwa mwandishi wa skripti, nao ni wa kuutazama kwa karibu. Andika kwenye bash `n=$(getconf SYMLOOP_MAX)`, kisha `echo $((n + 1))`. Utapata 1. Bash ikikuta neno ndani ya hesabu hulichukulia kuwa jina la kigezo kingine. Inakwenda kutafuta kigezo kiitwacho undefined, haikioni, inakihesabu kuwa sifuri, na inaendelea bila kusema neno. Ukimya huo ni wa bash, getconf ilishasema yake. Anayejua hupima kwanza kama alichopewa ni tarakimu.

Namba inayosumbua watu kuliko zote siku hizi ni PAGE_SIZE, ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Kwa miongo mingi kompyuta za ofisini na za nyumbani zilijibu 4096, na waandishi wa programu wakaizoea kiasi cha kuacha kuuliza. Wakaiandika moja kwa moja kwenye msimbo. Kisha Apple wakatoa kompyuta za prosesa zao wenyewe, na ukiuliza kwenye Mac hizo unajibiwa 16384. Raspberry Pi 5 ikaja na keneli ya kurasa hizo hizo za kilobaiti 16. Watu wakachukua programu zilizokuwa zikienda vizuri kwenye Pi 4, wakazihamishia huko, na nyingine zikafa papo hapo zikiacha ujumbe "Unsupported system page size". Ujumbe huo ni wa jemalloc, maktaba ya kugawa kumbukumbu inayotumiwa ndani ya programu nyingi. Ukubwa wa ukurasa huingizwa ndani yake siku inapotafsiriwa. Ikitengenezwa kwa kurasa kubwa itafanya kazi hata kwenye mashine ya kurasa ndogo. Kinyume chake haiwezekani. Angalau inakagua na kusema kilichoiua. Kuna nyingine ambazo zingeendelea na kuharibu kumbukumbu kimyakimya.

Suala hili limefika kwenye simu. Android ilikuwa ya kurasa za 4096 tangu mwanzo, hadi toleo la 15 lilipokubali za 16384, na Google ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2025 programu mpya na masasisho yanayolenga toleo hilo na yanayofuata sharti yaweze kwenda kwenye simu za aina zote mbili. Mtu anayeandika programu kwa Java au Kotlin pekee hana cha kuhofia. Mwenye kipande cha C ndani yake, au aliyechukua maktaba ya mtu mwingine yenye kipande hicho, lazima aende kukagua. Na namna ya kuhakikisha kwamba simu au simu bandia unayojaribia kweli ni ya kurasa kubwa ni ya kufurahisha kwa anayependa vitu vya kale: unaiunganisha na kompyuta na kuandika `adb shell getconf PAGE_SIZE`. Amri ya 1992, ndani ya simu ya mfukoni, ikijibu 16384 kwa mtindo ule ule usio na salamu.

Raspberry Pi inatoa somo jingine dogo. Chukua Pi 4 yenye mfumo wa biti 32. Uliza `uname -m`, inaweza kukujibu aarch64, jina la mashine ya biti 64. Uliza `getconf LONG_BIT`, utajibiwa 32. Hakuna anayeongopa. uname inakwambia habari za keneli, na keneli ni ya biti 64. Getconf inakwambia habari za programu zinazoendeshwa juu yake, ikiwemo yenyewe, nazo ni za biti 32. Anayetaka kupakua programu inayofaa mashine yake anahitaji jibu la pili, na kurasa nyingi za maelekezo humwambia aulize la kwanza.

CLK_TCK nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa ni kichekesho cha wakubwa. Jibu lake ni 100, mapigo mia kwa sekunde, na kwa kizio hicho keneli huripoti muda ambao kila mchakato umetumia prosesa. Lakini moyo wa keneli yenyewe unaweza kuwa unapiga mara 250 au 1000 kwa sekunde. Ulipoongezwa kasi, ziliogopewa programu zote zilizokuwa zikigawa kwa 100 bila kuuliza, kwa hiyo keneli hubadilisha hesabu kabla ya kuzitoa nje. Wasiouliza walishinda, na sisi tunaouliza tunapewa namba iliyogandishwa kwa ajili yao.

Nje ya mambo ya keneli, baadhi ya programu kubwa zimejifunza tabia hii na kuipeleka mbali zaidi. Ninayoipenda ni postconf, inayokuja na seva ya barua pepe ya Postfix ya Wietse Venema. Postfix ina mamia ya vigezo, na mtu akirithi seva iliyopita mikononi mwa mafundi watatu, faili la mipangilio huwa limejaa mistari iliyofungwa, iliyorudiwa, na maoni ya "usiguse hapa". postconf inapita juu ya fujo hilo. Ukiandika `postconf message_size_limit` inakupa thamani inayotumika sasa. Ukiongeza -d inakupa ile ambayo Postfix ingetumia kama hakuna mtu aliyegusa kitu, nayo kwa kigezo hiki ni 10240000. Ukiandika `postconf -n` inakuonyesha yale tu ambayo binadamu aliyaandika mwenyewe. Hiyo -n ni zawadi. Mamia yanabaki ishirini au thelathini, na kwenye hayo ishirini unasoma historia nzima ya ofisi: nani aliwahi kulemewa na barua taka, nani alihamisha seva, nani aliongeza ukubwa wa barua kwa sababu idara ya uhasibu ilikuwa ikituma skani.

Hilo la ukubwa, tukiwa hapo, huwachanganya watu kila wiki. Ukomo ni baiti milioni 10 na kidogo, mtumaji ana faili la megabaiti 8, barua inarudi. Barua pepe hubeba mafaili kwa kuyageuza kuwa herufi za kawaida, na mgeuzo huo huongeza theluthi moja na ushei. Kwa ukomo ule, faili la kupita ni la megabaiti 7 na nusu hivi. postconf imekupa namba sahihi. Imekuachia ujue ni ya kifurushi kikiwa kimeshafungwa.

Git nayo ina kitu cha kupendeza. Jina na barua pepe yako vinaweza kuwa vimeandikwa kwenye mipangilio ya mashine nzima, au ya kwako binafsi, au ya mradi huu tu, na ya karibu hushinda ya mbali. Ukiandika `git config --show-origin --get user.email` unapewa anwani, na kabla yake unapewa faili ilikotoka. OpenSSH ina `ssh -G` ikifuatiwa na jina la seva: inasoma mipangilio yako yote, inatatua masharti yote, inachapisha ambacho ingefanya, na haiendi popote. Kwa upande wa seva kuna `sshd -T`, na unaweza kuitajia mtumiaji na anwani anayotoka ili ikwambie huyo hasa angekutana na masharti gani. Mafundi wengi husoma faili la mipangilio kwa macho na kubishana litafasiriwaje. Ubishi huo sijawahi kuuelewa, ilhali mfasiri mwenyewe yupo na anajibu.

Mahali ambapo watu bado wanajikwaa ni kwenye michakato inayoendeshwa chinichini. Seva ya hifadhidata inalalamika kwamba imeishiwa nafasi ya kufungua mafaili. Fundi anaingia, anaandika `ulimit -n`, anaona 65536 aliyoiweka mwenyewe jana, anaapa kwamba tatizo si hilo. Alichoulizia ni ukomo wa sheli yake. Hifadhidata haikuzaliwa na sheli yake. Ilianzishwa na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, mashine ilipowaka, na inaweza kuwa bado na 1024. Swali lenye mwelekeo ni `cat /proc/1234/limits`, ambapo 1234 ni namba ya mchakato wenyewe. Hapo kuna safu mbili, ukomo laini na ukomo mgumu, na kwenye mifumo ya systemd ya tangu toleo la 240 mgumu huwa 524288 huku laini ukibaki 1024 kwa makusudi. Programu za zamani zinazotumia wito wa mfumo uitwao select haziwezi kushughulikia namba ya faili inayozidi hapo, kwa hiyo anayetaka zaidi ajipandishie mwenyewe.

Na kuna maswali ambayo getconf haijafunzwa. Neno moja tu kwenye amri lina ukomo wake, kurasa 32 tu, mabaki ya ile sheria ya kabla ya 2007; kwenye mashine ya kawaida ni 131072, na hakuna jina la kuulizia. Idadi ya viini vya prosesa ina jina, `_NPROCESSORS_ONLN`, ila jibu lake linazidi kupoteza maana. Ukiufungia mchakato kwenye kiini kimoja kwa amri ya taskset, amri ya kuhesabia viini iitwayo nproc inajibu 1 na getconf ya glibc inajibu vyote. Waandishi wa glibc walijaribu kubadilisha hilo kwenye toleo la 2.34 la 2021, kisha wakarudi kwenye tabia ya zamani.

Ndani ya kontena, yaani eneo lililotengwa kwa programu ndani ya seva, hali ni ngumu zaidi. Umeliwekea kontena kipimo cha viini 2 kwenye seva ya viini 64. Uliza humo ndani, getconf inasema 64. Viini 64 kweli viko hai. Ulichopewa wewe kimeandikwa kwenye `/sys/fs/cgroup/cpu.max`, namba mbili zikifuatana, 200000 100000: katika kila maikrosekunde laki moja, unaruhusiwa kutumia laki mbili za muda wa prosesa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Java ilianza kusoma kipimo cha kontena kwenye toleo la 10, mwaka 2018. Go ilikawia hadi toleo la 1.25, Agosti 2025; hadi hapo programu zake zilijipanga kana kwamba seva nzima ni yao, na mafundi wakawa wanaandika GOMAXPROCS=2 kwa mkono. Mstari huo bado umo kwenye mafaili mengi ya kuanzishia programu, na mtu akija kuliongezea kontena viini hadi 8, mstari huo utaishinda hesabu mpya ya Go na kuiacha programu kwenye 2.